Pombe kali hutengenezwaje na zilitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila watu wanapoanza kubishana kuhusu wiski, konyaki, ramu na nyinginezo. Yameanzia kwenye misingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, ujue jambo hilo limeshaelezwa huko.

## Misingi

1. Pombe kali inatofautianaje na bia au mvinyo?

Bia na mvinyo huishia kwenye kuchacha. Hamira hula sukari, hutoa alkoholi na kaboni dioksidi, na kazi inaishia hapo. Lakini hamira huuawa na kile kile inachokitengeneza: alkoholi ikikaribia asilimia 15 hivi ya ujazo, hamira za kawaida hulegea na kufa. Anayetaka kitu kikali zaidi hana budi kuchukua pombe hiyo iliyochacha na kuikeneka, yaani kuichemsha, kunasa mvuke wake na kuupoza uwe kioevu tena.

Kwa hiyo kila pombe kali ina pombe nyepesi iliyoizaa. Wiski huzaliwa na kitu kinachofanana na bia isiyo na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), konyaki huzaliwa na mvinyo mweupe mchachu, na ramu huzaliwa na molasi (uji mweusi unaobaki sukari ikitengenezwa) au maji ya miwa yaliyochacha.

2. Kuchemsha kunaitengaje alkoholi na maji?

Ethanoli, ile alkoholi tunayoinywa, huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, na maji kwenye 100. Wengi hudhani ukiufikisha moto kwenye 78 alkoholi yote itatoka peke yake na kuyaacha maji chini. Mambo hayaendi hivyo. Mchanganyiko huchemka mahali fulani katikati, na mvuke wake huwa na vyote viwili, ila alkoholi ni nyingi zaidi kwenye mvuke kuliko kwenye chungu. Ndiyo maana kazi hurudiwa. Pombe ya asilimia 8 ikipita mtamboni mara moja hutoka ikiwa na asilimia 20 na kitu. Ikirudishwa tena hufika karibu 70.

Kuna kikomo. Hata mtambo uwe mzuri namna gani, kwa kuchemsha peke yake huvuki takriban asilimia 97 ya ujazo. Hapo mvuke na kioevu vinakuwa na mchanganyiko ule ule, na kuchemsha zaidi hakubadilishi chochote.

3. Mtambo wa chungu na mtambo wa mnara vina tofauti gani?

Chungu ni cha kale: sufuria kubwa, shingo, bomba la kupoza. Unajaza, unachemsha, unamwaga mabaki, unaanza upya. Mnara hufanya kazi bila kusimama. Pombe iliyochacha huingia juu na kuteremka, mvuke huingia chini na kupanda, na vikikutana kwenye kila sahani ndani ya mnara ni kama pombe imekenekwa tena. Mfaransa Jean-Baptiste Cellier-Blumenthal alikuwa na hataza ya mtambo wa aina hii mnamo 1813, na Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru Ireland, akasajili wake mwaka 1830. Wa Coffey ndio uliotapakaa duniani.

Ukitaka kuelewa pombe kali kwa kushika jambo moja tu, shika hili: kadiri unavyokeneka kwa kiwango cha juu, ndivyo unavyofuta ilikotoka. Angalia sheria zenyewe. Vodka ya Umoja wa Ulaya huanzia kwenye alkoholi ya angalau asilimia 96, ambayo haikumbuki tena kama ilikuwa ngano au kiazi. Wiski ya Scotland lazima itoke mtamboni chini ya 94.8. Bourbon ya Marekani haivuki 80. Konyaki huishia karibu 70. Mabishano mengi ya "hii ina ladha, ile haina" huishia kwenye tarakimu hizo.

4. "Kichwa, moyo na mkia" ni nini?

Ni sehemu tatu za kinachotiririka kutoka mtamboni. Kichwa hutangulia: vitu vyepesi vinavyonuka kama rangi ya kucha. Moyo hufuata, nao ndio unaotunzwa. Mkia huja mwisho, mzito, wenye mafuta na harufu ya nafaka iliyoloa au ngozi ya zamani. Kichwa na mkia kwa kawaida havitupwi, bali hurudishwa kukenekwa pamoja na mzigo unaofuata.

Ustadi uko kwenye kujua lini ukate. Katika viwanda vya Scotland kinywaji hupita ndani ya sanduku la shaba na kioo lililofungwa kwa kufuli. Kufuli hilo lililetwa na watu wa kodi, ili asiibe mtu hata tone. Mkenekaji haonji. Anatazama kipimo cha ukali kikielea nyuma ya kioo, na anaweza kuongeza maji kwenye sampuli humo humo ndani: ikigeuka nyeupe kama maji ya mchele, bado ni kichwa. Ikibaki angavu, anageuza kishikio, bomba linahamia tangi jingine, na moyo umeanza. Saa chache baadaye anakigeuza tena. Viwanda viwili vyenye shayiri na hamira ile ile vinaweza kutoa wiski zisizofanana kwa sababu tu mmoja huchelewa kukigeuza.

5. Kwa nini mitambo ni ya shaba?

Shaba hupitisha joto vizuri na hufinyangika kwa urahisi, lakini sababu kubwa ni salfa. Hamira huacha vitu vyenye salfa vinavyonuka kama kabichi iliyochemka, na shaba huvinasa. Mtambo wa chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, ila mara nyingi huwekewa vipande vya shaba ndani ili kazi hiyo ifanyike.

## Asili

6. Nani aligundua ukenekaji wa pombe?

Hakuna mtu mmoja. Vyombo vya kukenekea vilijulikana Alexandria katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Wanakemia wa ulimwengu wa Kiislamu, Jabir ibn Hayyan katika karne ya 8 na al-Kindi katika karne ya 9, waliviboresha na kuviandika, na maandishi yao yanataja mvuke unaowaka unaotoka kwenye mvinyo uliochemshwa. Wao walishughulika zaidi na manukato na dawa.

Ulaya iliupata ujuzi huo kupitia tafsiri za maandishi ya Kiarabu. Karne ya 12 shule ya tiba ya Salerno, Italia, ilikuwa ikikeneka mvinyo, na karne ya 13 tabibu Taddeo Alderotti wa Bologna alieleza namna ya kupoza mvuke kwenye bomba lililopitishwa ndani ya maji. Kilichopatikana kiliitwa "maji ya uhai" na kilitolewa kama dawa. Karne mbili tatu baadaye wagonjwa walikuwa wengi mno kuweza kuaminika.

7. Wiski ni ya Ireland au ya Scotland?

Inategemea unakubali ushahidi gani. Kumbukumbu za Clonmacnoise, Ireland, zinasema mwaka 1405 chifu mmoja alifariki kwa kunywa maji ya uhai kupita kiasi. Scotland ina karatasi ya kiofisi: daftari la hazina la 1494 linaonyesha mtawa John Cor akipewa kimea cha kutengenezea maji ya uhai kwa amri ya mfalme. Waireland wametangulia kwa maandishi, lakini ni Waskoti walioandika inatengenezwa na nini. Mimi ningewaachia Waireland mwaka na Waskoti kimea.

## Moja baada ya nyingine

8. Wiski ya Scotland, bourbon na wiski ya Japani zinatofautianaje?

Ya Scotland lazima ikae angalau miaka 3 katika mapipa ya mwaloni ndani ya Scotland na kuuzwa ikiwa na asilimia 40 au zaidi. Ile inayoitwa ya kimea kimoja hutokana na kimea cha shayiri peke yake, hukenekwa kwenye chungu, na hutoka kiwanda kimoja. Harufu ya moshi, kwenye zile zenye moshi, hutoka kwenye mboji ya kinamasi iliyokaushwa na kuchomwa chini ya kimea kilicholowa. Haitoki kwenye pipa.

Bourbon ina angalau asilimia 51 ya mahindi na hukaa kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani. Inaweza kutengenezwa popote Marekani, si Kentucky pekee. Kwa kuwa pipa haliruhusiwi kutumika mara ya pili kwa bourbon, mengi husafirishwa Scotland na kuendelea na kazi huko.

Ya Japani ni mtoto wa Scotland kwa njia ya wazi kabisa. Masataka Taketsuru alikwenda kusomea Glasgow mwaka 1918, akajifunza viwandani, akarudi na daftari lake. Kiwanda cha Yamazaki, alichomjengea mfanyabiashara Shinjiro Torii, kilianza kujengwa mwaka 1923. Mwaka 1934 akaanzisha chake Yoichi, Hokkaido, kwenye baridi iliyomkumbusha Scotland.

9. Konyaki na brandi ni kitu kimoja?

Kila konyaki ni brandi, si kila brandi ni konyaki. Brandi ni pombe kali ya zabibu (au ya tunda jingine likitajwa). Konyaki ni ile ya eneo la Cognac, magharibi mwa Ufaransa, iliyokenekwa mara mbili kwenye vyungu vya shaba na kukaa kwenye mwaloni angalau miaka 2. Zabibu inayotawala ni Ugni Blanc, na mvinyo wake ni mchachu na mwepesi kiasi kwamba hakuna anayeugombea mezani. Uchachu huo huulinda mvinyo hadi siku ya kukenekwa, na wepesi wake hulazimisha mvinyo mwingi uchemshwe kwa konyaki kidogo, hivyo harufu hujikusanya.

Herufi za kwenye chupa zinahesabu umri wa kinywaji kichanga kuliko vyote kwenye mchanganyiko: VS miaka 2, VSOP miaka 4, XO miaka 10 tangu 2018.

Jirani yake Armagnac ina historia ndefu zaidi na kwa kawaida hukenekwa mara moja tu kwenye mnara mdogo. Ndiyo maana huwa na ukali wa ladha ambao konyaki imeuacha. Grappa ya Italia hutokana na maganda na mbegu zilizobaki baada ya zabibu kukamuliwa. Pisko ya Peru na Chile ni ya zabibu pia.

Pia kuna mdudu anayestahili kutajwa. Kuanzia miaka ya 1860 filoksera, mdudu wa mizizi kutoka Amerika, aliteketeza mizabibu ya Ufaransa. Brandi ikaadimika Uingereza, na wiski ikaingia kwenye nafasi iliyoachwa.

10. Ramu ilianzia wapi?

Kwenye mashamba ya miwa ya Karibi, karne ya 17, na Barbados ndiyo inayotajwa mwanzoni. Sukari ilipotengenezwa, ilibaki molasi: uji mweusi, mtamu, usio na soko. Ulichacha, ukakenekwa. Waliokata miwa na kusimama mbele ya moto wa vinu hivyo walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na ramu iliyotokana na jasho lao ilirudi pwani ya Afrika Magharibi kama bidhaa ya kununulia watu wengine. Historia ya ramu ikisimuliwa kwa maharamia na mabaharia peke yao, imekatwa kichwa.

Mabaharia nao wana sehemu yao. Jeshi la majini la Uingereza liliwapa mgawo wa kila siku. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon akaamuru uchanganywe na maji, na mgawo wenyewe ukafutwa tarehe 31 Julai 1970.

Visiwa vya Kifaransa, hasa Martinique, hutumia juisi mbichi ya miwa badala ya molasi, na ladha hubaki ya majani mabichi. Cachaça ya Brazili nayo ni ya juisi mbichi. Jamaika imeenda upande mwingine: baadhi ya viwanda huiacha pombe ichache kwa muda mrefu pamoja na mabaki ya mtambo uliopita, bakteria wafanye kazi yao, na ramu hunukia ndizi na nanasi lililoiva kupita kiasi. Wakiinusa kwa mara ya kwanza, wengi hudhani imeharibika.

11. Tekila na meskali?

Zote ni za Meksiko na zote hutokana na mmea wa agave, wenye majani kama ya mkonge. Tekila ni ya aina moja tu, agave ya buluu, kutoka jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo manne mengine. Meskali hukubali aina nyingi, na Oaxaca ndiyo ngome yake.

Mmea huchukua miaka kama 6 hadi 8 au zaidi kukomaa. Mkataji huchonga majani yote kwa jembe la duara lenye makali hadi kinabaki kitovu kinachoonekana kama nanasi kubwa, kizito cha makumi ya kilo. Hamira haiwezi kula kilichomo humo mpaka kipikwe, na hapo ndipo njia zinapoachana. Tekila hupika kwenye tanuri la matofali au chombo cha mvuke. Meskali ya jadi huchimba shimo, huwasha kuni, hutandika mawe, hupanga agave juu na kufunika kwa udongo kwa siku kadhaa. Moshi wake unatoka humo.

Chupa ikisema "asilimia 100 agave" ni agave tupu. Isiposema, sheria inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa itoke kwingine.

12. Vodka ni ya Urusi au Poland?

Nchi zote mbili zinadai. Poland ina hati ya mahakama ya 1405 yenye jina hilo. Ladha kidogo iliyonayo imeelezwa kwenye swali la 3.

Hadithi kwamba mwanakemia wa Urusi Dmitri Mendeleev ndiye aliyevumbua vodka ya asilimia 40 si kweli. Tasnifu yake ya 1865 ilihusu jinsi alkoholi na maji vinavyochanganyika, jambo lenye mvuto wake: mililita 50 za ethanoli na 50 za maji hazitoi 100, zinapungua hadi 96 au 97, kwa sababu molekuli hujipanga kwa kubanana.

13. Jini ni vodka yenye harufu?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na hakuna haja ya kuona aibu. Ni alkoholi safi iliyotiwa harufu ya matunda ya mjunipa, ambayo lazima ndiyo itawale, pamoja na mbegu za giligilani, maganda ya limau na kadhalika. Chimbuko lake ni jeneva ya Uholanzi na Ubelgiji, iliyo nzito zaidi kwa kuwa ina pombe ya kimea ndani. Baada ya Mholanzi William wa Orange kutwaa kiti cha Uingereza mwaka 1689, brandi ya Ufaransa ikazuiwa na ukenekaji wa ndani ukafunguliwa. London ililewa kwa miongo kadhaa, na bunge likapitisha sheria ya 1736, iliyoshindwa, na ya 1751, iliyofaulu. Mtambo wa mnara ulipofika karne ya 19 ndipo jini kavu ya leo ikawezekana. Ile inayoitwa "London Dry" si lazima itengenezwe London.

14. Mbona pombe kali za Asia Mashariki zina ladha ya peke yake?

Kwa sababu zinaanza tofauti. Nafaka ina wanga, na hamira haili wanga. Lazima ugeuzwe sukari kwanza. Magharibi hutumia kimea, nafaka iliyooteshwa. Asia Mashariki hutumia kuvu.

Baijiu ya China ndiyo mfano mkubwa. Mtama uliopikwa kwa mvuke huchanganywa na matofali ya ngano yaliyoota kuvu, hamira na bakteria, kisha huchachia shimoni au kwenye mtungi ukiwa karibu mkavu. Unapokenekwa, hakuna supu ya kuchemsha: mvuke hupitishwa katikati ya rundo la nafaka lenyewe. Moutai, ya mkoa wa Guizhou, hurudia mzunguko huo kwa mwaka mzima: nafaka hupikwa kwa mvuke mara 9, huchacha mara 8, na pombe hukingwa mara 7. Harufu yake hukaribia mchuzi wa soya. Anayeionja akitarajia vodka atashtuka.

Soju iliingia Korea na Wamongolia karne ya 13. Mwaka 1965 serikali ilipiga marufuku kuikeneka kwa mchele, na viwanda vikahamia kwenye alkoholi safi iliyozimuliwa na kutiwa utamu. Chupa za kijani za leo ni urithi wa uamuzi huo. Shochu ya Japani hutumia kuvu ya koji, na Kagoshima hupenda ya viazi vitamu. Awamori ya Okinawa hutumia mchele wa Thailand.

15. Araki za mnazi na araki za anisi zinahusianaje?

Ni jina tu. Ya Sri Lanka ni tembo la mnazi: hugemwa, huchacha ndani ya saa chache, hukenekwa. Ya Lebanon ni ya zabibu na mbegu za anisi, jamaa ya ouzo ya Ugiriki na raki ya Uturuki. Hizi za anisi hugeuka nyeupe zikitiwa maji kwa kuwa mafuta ya anisi huyeyuka kwenye alkoholi kali na si kwenye maji.

## Baada ya mtambo

16. Rangi hutoka wapi?

Kila kinachotoka mtamboni ni kiangavu kama maji. Rangi ya kahawia ni ya pipa, au ya karameli, ambayo Scotland na Cognac huruhusu. Usipime umri kwa rangi. Mwaloni hutoa pia harufu ya vanila, hasa ukiwa umeunguzwa.

17. Je, pombe kali huendelea kukomaa ndani ya chupa?

Hapana. Wiski ya miaka 12 iliyosahauliwa kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 12. Kukomaa kunahitaji mbao na hewa. Pipani hupotea pia kwa mvuke: Scotland karibu asilimia 2 kwa mwaka, nchi za joto zaidi ya hapo, na ndiyo maana ramu ya tropiki yenye miaka 8 inaweza kuonekana imezeeka kuliko wiski ya umri huo.

18. "Proof" ni nini?

Marekani ni asilimia mara mbili: 80 ni asilimia 40. Kipimo cha zamani cha Uingereza kilihesabu 100 kuwa asilimia 57 hivi.

## Mambo ya pembeni

19. Ni kweli pombe kali inaweza kupofusha?

Methanoli, alkoholi nyingine isiyofaa kunywewa, inaweza. Mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu mishipa ya macho na kuua. Nafaka na sukari zikichacha hutoa methanoli kidogo mno. Matunda yenye pektini hutoa zaidi, ila bado kwa kiwango kidogo. Maafa makubwa ya watu wengi kufa kwa pamoja kwa kawaida hutokana na mtu kuchanganya methanoli ya viwandani kwenye kinywaji ili kuongeza faida.

Imani kwamba ukimwaga kichwa (swali la 4) methanoli yote imeondoka ni ya hatari. Ijapokuwa huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, hushikamana na maji na hutoka kidogo kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Jaribio la kuwasha moto na kutazama rangi yake halithibitishi chochote, na ulimi hauitambui.

Dalili zinaweza kuchelewa nusu siku hadi siku nzima: kuona ukungu, kichefuchefu, kupumua kwa kasi. Ni hospitali mara moja, bila kusubiri uone kama zitapita. Kuna dawa, fomepizoli au ethanoli inayotolewa na daktari kwa vipimo, na kusafisha damu, lakini zote hufanya kazi vizuri zikiwahi.

20. Kugandisha badala ya kuchemsha kunafaa?

Kunaongeza ukali. Walowezi wa Amerika Kaskazini waliacha sida, yaani pombe ya tufaha, nje wakati wa baridi, wakaondoa barafu, wakabaki na kioevu kikali. Lakini hakuna kichwa wala mkia wa kukata. Kila kibaya kilichokuwemo kimebaki, na sasa kimejikusanya.

21. Mtu anaruhusiwa kukeneka nyumbani?

Nchi nyingi zinakataza bila leseni, hata kwa matumizi binafsi, na hata pale zinaporuhusu kutengeneza bia. New Zealand iliruhusu mwaka 1996 na hadi leo ni miongoni mwa chache. Kodi ni sababu moja. Nyingine ni kwamba mvuke wa alkoholi unaovuja karibu na moto hulipuka.

22. Vodka inaweza kutengenezwa na zabibu?

Ndiyo, na ipo. Ulaya ilibishana sana kuhusu hili, kisha sheria ya 2008 ikaamua kwamba vodka isiyo ya nafaka wala viazi lazima itaje kwenye lebo imetengenezwa na nini.